Kiti cha Nje ya Dirisha

Mwezi uliopita tulimzika Mama Kalekye kule Muthetheni, na jambo lililowaudhi vijana waliotoka Nairobi ni mahali aliposimama mkwewe, Mutua. Wengine walipokuwa wakisongamana kaburini, yeye alikuwa kando ya zizi la mbuzi, mzee mzima ndani ya koti lake la kanisani, kofia mkononi, amelipa jeneza mgongo na kutazama shamba la mbaazi. "Huyo mzee hata haoni haya," kijana mmoja akanong'ona nyuma yangu. "Ameoa binti ya huyu mama miaka yote hiyo na hawezi kuja kumwaga mchanga?" Niligeuka nikamwambia kwamba haya ndiyo iliyomsimamisha pale, tena ni haya aliyoishi nayo tangu kabla kijana mwenyewe hajazaliwa, na kama hajui jambo aulize, kuuliza si ujinga. Nami moyoni nikajicheka, kwa sababu nilipokuwa na umri wake sikuuliza, na nusura nilivunje darasa zima kwa mikono yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja nilipopelekwa Muthetheni kufundisha watu wazima kusoma na kuandika, masomo ambayo wakati huo kila mtu aliyaita ngumbaru. Nilitoka Mavoko, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, na Kikamba sikukijua zaidi ya salamu. Kwetu tulilala saba chumba kimoja. Mmoja akijigeuza, wote wanageuka. Tulikula sahani moja, tukasomea taa moja, na ukizungumza na mtu unamshika mkono ili asikuponyoke kabla hujamaliza. Aliyekaa mbali nawe alikuwa amekununia au anaugua surua. Hivyo ndivyo nilivyoijua dunia, na kwa kiburi cha cheti kipya nilidhani watu wote wamelelewa katika chumba chetu.

Darasa lilikuwa chumba cha mawe nyuma ya kanisa, chenye mlango mmoja na madirisha mawili yasiyo na vioo, moja likitazama sokoni na jingine likitazama veranda. Mlikuwa na mabenchi sita, ubao uliopauka, na harufu ya mahindi, kwa sababu waumini walihifadhi humo magunia yao ya mavuno. Wanafunzi walikuwa kumi na watano kamili, wanaume saba na wanawake wanane, waliokuja saa nane mchana wakiwa bado na udongo wa shamba miguuni. Hesabu hiyo ilikuwa na maana. Mkubwa wangu mjini Machakos aliniambia waziwazi siku aliyonikabidhi rejista kwamba wakipungua kumi na watano, darasa linafungwa nami narudi kwetu. Siku ya kwanza nilishangaa walivyokaa. Wanaume walijazana mbele, wanawake nyuma, na katikati wakaacha uwanja ambao ungetosha kuanika mtama. Fundi mmoja wa mawe, huyu Mutua, hakugeuka nyuma hata mara moja. Nikaamua ana ugonjwa wa shingo. Kwenye kona ya mwisho kabisa aliketi mama wa makamo, mwembamba, leso imeshuka hadi kwenye nyusi, uso ameuelekeza ukutani. Huyo ndiye Mama Kalekye. Nilipomuuliza kwa nini anataka kusoma, alinijibu bila kunitazama: "Kijana yangu iko Mombasa, ananiandikia barua. Inasomwa na jirani. Kabla nifike nyumbani, soko yote inajua kijana yangu amesema nini. Mimi nataka barua yangu ikuwe yangu."

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba mtu mzima hujifunza vizuri akikaa kwenye duara. Basi wiki ya pili niliyaburuta yale mabenchi, nikatengeneza duara dogo, magoti karibu yagusane, na nikafurahi sana kuuona ule uwanja wa katikati umekwisha. Vitabu vilikuwa vinane tu, kwa hiyo nikawapanga wawili wawili, hodari na anayejikokota. Mutua alikuwa hodari. Mama Kalekye alikuwa bado anapambana na irabu. Nikamshika mama mkono, nikamwongoza hadi kwenye benchi la Mutua, nikamkalisha, na kitabu kimoja nikakilaza juu ya mapaja ya wote wawili. Hakuna aliyenizuia, maana kule mwalimu hakatizwi hata kama nguo yake inaungua. Mama Kalekye akavuta leso akafunika uso wote, akasimama, akaufuata mlango kwa kupapasa ukuta. Mutua, kwa kuwa mlango ulikuwa na mama, alitoka kwa dirisha. Mtu mzima, fundi wa kuheshimika, baba wa msichana mmoja, mguu huu ndani na ule nje, suruali imenasa kwenye msumari. Nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka, na nilicheka peke yangu.

Kesho yake walikuja wanne. Siku iliyofuata wakaja wawili, wakaketi wakitazama mlango. Nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Ndinda, mjane aliyelima mahindi na kunde, na ukuta wa chumba changu ulipakana na jikoni kwake. Jioni hiyo majirani walikuja kumsaidia kuchambua mbaazi, nami nikiwa nimekaa kitandani na rejista magotini nikawasikia wakizungumza Kikamba cha haraka. Sikuelewa ila maneno yaliyojitokeza: mwalimu, benchi, dirisha, na neno moja lililorudi tena na tena, nthoni. Kila lilipotajwa walicheka kidogo kisha wakanyamaza, na kile kimya kiliniuma kuliko kicheko. Walipoondoka, Mama Ndinda aliniita tule muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, ambayo alinipakulia kila siku kama anayelisha wachimba kisima. Nikashindwa kula. Nikamuuliza nthoni ni nini.

"Kwani hukujua Mutua ndio ameoa Kalekye?" akaniuliza.

"Nilijua. Nikaona ndiyo vizuri, ni watu wa jamaa moja."

Aliweka kijiko chini. "Mwalimu, hapa mtu na mama ya bibi yake hawakai pamoja. Wakikutana kwa njia, mmoja anaingia kwa majani. Hawaangaliani macho, hawasalimiani na mkono, mpaka kufa. Hiyo ndio nthoni."

"Kwa hiyo wanachukiana?"

"Wapi. Huyo kijana ndio alimjengea jikoni. Alijenga siku mama ameenda safari, akamaliza, akatoka." Alinitazama kwa huruma ambayo sikuwa nimeistahili. "Ni heshima, mwanangu. Hiyo mwili ndio ilizaa bibi yako. Utakaa nayo goti kwa goti namna gani?"

Niliona aibu iliyonichoma masikio. Nilikuwa nimeingia darasani kwa watu waliojipanga wenyewe kwa akili, kila hatua kati yao imepimwa na kujulikana, nami nikaja na duara langu la chuoni nikavuruga. Shingo ya Mutua haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa shingo yenye adabu.

Jumamosi nilikwenda kwa Mama Kalekye. Nilimkuta mlangoni pake akisuka kiondo, nyuzi za mkonge zimemzunguka miguuni, na kwa mazoea ya kwetu nikamwendea moja kwa moja, mikono yote miwili mbele. Akanionyesha kwa kidevu kigoda kilichokuwa uani, hatua tatu kutoka kwake. "Kaa hapo, mwalimu. Hapo nakuona vizuri." Nikaketi, nikaomba msamaha. Alisuka mzunguko mzima kabla ya kunijibu. "Wewe uko na haraka ya kukaribia watu," akasema. "Mtu anakaribiwa polepole, kama ng'ombe mwenye amezaa." Nikamuuliza kama ameacha masomo. "Mimi sijaacha. Lakini siwezi kuuza heshima ya binti yangu ninunue a, e, i, o, u." Ndipo nikamuuliza swali ambalo tangu hapo nimewauliza wanafunzi wangu wote: yeye angependa kukaa wapi? Akacheka, nadhani kwa mara ya kwanza mbele yangu. Kona yake ilikuwa inatosha, akasema, lakini sasa wamekalishwa pamoja na watu wameona, na jambo hilo linahitaji muda lipoe. "Mutua asome kwanza, aende kazi yake. Mimi nitakuja akishapita posho mill."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Mutua alisoma saa nane, saa tisa akabeba nyundo yake akaondoka, na alipokwisha kupita kinu cha kusaga, Mama Kalekye akaingia. Duara nililivunja, kila mtu alirudi mahali pake pa zamani, na uwanja ukarudi katikati. Watu walipomwona Mama Kalekye amerejea, nao wakarejea mmoja mmoja, hadi rejista ikawa tena na majina kumi na matano. Kabla ya kuondoka, Mutua alikuwa na zoezi la kuandika sentensi moja ubaoni kutoka kichwani mwake. Siku moja nilikuwa nainua kifutio Mama Kalekye akasema, "Wacha." Alikuja mbele, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa kuvunja vunja: Ka-le-kye a-na-u-mwa mgo-ngo. Bintiye alikuwa na mimba ya pili. Alibaki amesimama pale, kidole ubaoni, na nikamwona akielewa kwamba habari hiyo imemfikia bila kupita kwenye mdomo wa mtu. Akaomba chaki. Ilimchukua muda mrefu, jasho likimtoka, herufi zikipanda na kushuka: alale asibebe maji. Kesho yake Mutua aliyasoma maneno hayo, akaandika chini yake: Sawa mama nitabeba mimi.

Miaka sita ya ndoa, salamu zao zilikuwa zikipelekwa na watoto na majirani, zikifika zimepungua chumvi au zimezidi. Sasa walizungumza wenyewe. Mwanzoni ilikuwa ubaoni, mbele ya wote. Baadaye wakahamia kwenye vikaratasi vilivyokunjwa, nami nikawa tarishi, na sikuvifungua hata kimoja. Huenda ndilo jambo pekee nililolifanya vizuri tangu mwanzo. Mwaka ule niligundua kitu ambacho hakuna mkufunzi aliyewahi kuniambia, kwamba kuandika ni njia ya kumfikia mtu bila kumkanyaga. Nilikuwa nimefika kuwafundisha wao herufi, nao wakanifundisha herufi ni za nini.

Nimefundisha miaka thelathini na sita baada ya hapo, mingi katika shule za mjini zenye watoto wa kila kabila, na sijivuni bure nikisema kwamba darasa langu lilijulikana. Nimeona msichana kutoka Ndithini akiitwa mwongo kwa sababu anazungumza na mwalimu akitazama sakafu, kumbe kwao kumkodolea macho mkubwa ni utovu wa adabu. Nimeona mvulana wa kutoka kaskazini akisukumwa na walimu kwa kuwa anasimama karibu mno, hadi pumzi yake inakugusa, naye hakuwa na nia yoyote ila kusikilizwa. Siku ya kwanza ya kila mwaka niliwaacha wachague wenyewe pa kukaa, nikasimama kando nikatazama. Wenzangu walinicheka kwenye chumba cha walimu, wakisema mimi napoteza kipindi kizima nikihesabu viti. Matokeo ya mitihani yalipotoka walikuja kuniuliza nafanyaje. Niliwaambia, na wengine wakafuata, na wale waliokataa shauri lao.

Lakini mwaka ule wenyewe ulikuwa bado haujakwisha. Muhula wa mwisho ilifika barua kutoka mjini kwamba mkaguzi, Bwana Kioko, atakuja Jumanne saa nane, na anataka kuwakuta wanafunzi wote kumi na watano kwa wakati mmoja. Nikawaeleza. Mzee mmoja akasema afadhali Mutua asije. "Basi tutakuwa kumi na nne," akajibu mwenzake. Mutua akisema atabaki nyumbani, darasa limefungwa. Mama Kalekye akibaki, limefungwa vile vile. Nilipomfikishia mama habari hiyo, saa yake ilipofika, hakufikiri sana. "Weka kiti yangu kwa veranda, chini ya dirisha," akasema. "Masikio yangu itaingia ndani. Mkono pia, ikiitwa."

Jumanne Bwana Kioko alifika kabla ya wakati, mtu wa Mitaboni, suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni. Alihesabu kwa kuelekeza kalamu. Kumi na tatu. Mutua alikuwa hajafika, na nilikuwa nimeanza kutunga uongo pale alipoingia mbio, shati limelowa, ananuka dawa ya hospitali. Kumi na nne. "Na wa kumi na tano?" Mkono mwembamba ukaingia kwa dirisha la veranda, umeshika daftari. Mkaguzi aliutazama, akachungulia nje, akamwona mama aliyekaa na mgongo ukutani, akaelewa mara moja, kwa kuwa ni Mkamba kama wao.

"Hii ni nthoni," akasema. "Mwalimu, serikali haina nthoni. Mwanafunzi ni mtu mwenye yuko ndani ya darasa. Huyo ni mpita njia."

Mimi ambaye mwanzoni mwa mwaka nilikuwa nikitetemeka mbele ya mtu yeyote mwenye kalamu mbili nilimjibu kwamba mpita njia haandiki. "Mpime, Bwana Mkaguzi. Akishindwa, rejista hii hapa, uende nayo." Akasoma imla, sentensi tano, kwa sauti ya chini kusudi, na madaftari yalipokusanywa, la Mama Kalekye lilikuwa na kosa moja tu, wakati la mzee mmoja aliyekuwa benchi la mbele lilikuwa na tisa. Mkaguzi hakuridhika. Huko nje, akasema, mtu yeyote anaweza kumwandikia. Akamwelekezea Mutua kalamu. "Wewe mwenye ulichelewa. Andika kwa karatasi kitu chenye huyo mama hajui. Usiseme kwa mdomo. Mwalimu apeleke, na yeye ajibu."

Mutua alishika penseli muda mrefu bila kuandika. Kisha akaandika kwa haraka, akakunja, akanipa, nami nikatoka hadi veranda. Nilimnyooshea Mama Kalekye karatasi, nikarudi nyuma hatua tatu. Alifungua. Siku zote alikuwa akisoma kwa sauti. Safari hii midomo ilisogea tu, kidole kikatembea, kikasimama, kikarudi mwanzo wa mstari. Halafu akavuta leso akafunika uso, na mabega yakaanza kumtikisika. Mavoko yote iliyokuwa ndani yangu ilitaka kumrukia na kumkumbatia. Nilibaki nilipokuwa, nikampa nafasi yake alie, au acheke, maana hadi leo sijui ni lipi. Alipomaliza alifuta macho, akaandika chini ya maandishi ya Mutua, akakunja, akanirudishia kwa mkono ulionyooka.

Bwana Kioko aliifungua mbele ya darasa na kuisoma kwa macho, kisha akaisoma kwa sauti, taratibu, kama mtu asiyeamini. Mutua alikuwa ameandika: Mama, mtoto amezaliwa leo asubuhi. Ni msichana. Ni wewe. Maana kwa Wakamba msichana wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, na anayepewa jina lako ni wewe mwenyewe umezaliwa tena. Chini yake Mama Kalekye alikuwa amejibu: Nimesoma mimi mwenyewe. Naenda kujiona. Wewe kaa hapo mpaka nirudi.

Tulitazama dirishani. Kiti kilikuwa kitupu. Mama alikuwa amekwisha kufika barabarani, anakwenda zahanati kwa mwendo wa msichana, na wanawake saba waliobaki darasani wakapiga vigelegele hadi watu wa sokoni wakasogea kuuliza kuna nini. Mkaguzi alitoa miwani, akaipangusa kwa tai yake, akaivaa tena. Akaivuta rejista, akaandika kumi na tano, akatia sahihi, akapiga mstari chini yake mara mbili. Mutua akainuka, kofia mkononi, akaomba ruhusa arudi zahanati kumwona mtoto wake. Na darasa zima, Bwana Kioko akiwemo, likamwambia aketi.